Mamdogo wao wanamwita "dada"

Shangazi, shikamoo. Nawasalimu na wasomaji wote. Barua za wenzangu nazisoma miaka mingi, na siku zote nilidhani wanaoandika huku ni wenye kesi za mahawara na mawifi. Kumbe hata neno moja linaweza kumkosesha mtu usingizi. Langu ni neno "dada", na hii ni wiki ya tatu.

Naishi Mtwara mjini, Shangani. Nina miaka 36, ni mhasibu, nina mume na watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume minne. Tunakaa na binti wa miaka 19, nimwite Somoe ingawa si jina lake. Somoe ni mtoto wa mamdogo wangu, na mamdogo na mama yangu ni tumbo moja. Sisi ni Wamakonde, ukoo tangu zamani tunaufuata kwa mama, kwa hiyo huyu si ndugu wa kuulizana ulizana msibani. Ni mdogo wangu. Wanangu walitakiwa wamwite mamdogo.

Wanamwita dada. Na dada wa nyumba za siku hizi mnamjua: ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, ndiye tunayesema "dada wangu kaondoka, jamani nitafutieni mwingine".

Hakuna aliyewafundisha. Alipofika miaka miwili iliyopita, yule wa kike alimwita mamdogo vizuri tu. Lakini mtaa mzima kila nyumba ina dada wake, watoto wakikutana getini wanaulizana "dada yenu anaitwa nani?" Mwanangu akajibu. Nikasikia, nikanyamaza, nikaona ni utoto.

Halafu kuna kikombe. Kabatini tuna glasi za wageni, vikombe vya udongo vya kwetu, na kikombe kimoja cha plastiki cha kijani kilichopasuka ukingoni. Siku moja dawa imenikaba kooni, nikakichukua hicho kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Wa miaka minne akanishika mkono: "Mama, hicho cha dada." Shangazi, naapa sijawahi kumgawia Somoe kikombe. Mume wangu pia anaapa. Sasa kiligawiwa na nani?

Alikuwa analala chumba cha uani. Hizi nyumba za zamani za Shangani zilijengwa hivyo. Mji huu Waingereza waliupanga miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wao wa karanga, wakaweka bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikuota walivyotaka, reli ikang'olewa, ila chumba cha boi bado kipo uani kwangu, na ndani yake alikuwa analala mtoto wa mama yangu mdogo.

Niseme na lililo zito zaidi, maana bila hilo mtaniona mwenye nyumba tu mwenye huruma nyingi. Mimi nimesomeshwa na mamdogo. Baba alipotuacha, mama alikuwa na mikorosho kumi na kitu iliyozeeka. Mamdogo, kule Kitangari, Newala, yeye na mumewe walikuwa na shamba la kueleweka. Nilipopata nafasi chuoni Dar es Salaam mwaka 2009, korosho zilishaingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, mzigo unaukabidhi ghalani kwanza, na malipo yalikuja kwa vipande. Malipo ya kwanza yakalipa ada. Ya pili yakanunua godoro, ndoo na begi. Yale ya mwisho, tunayoyaita majaliwa, yalitoka watu wameshakata tamaa; akanitumia gauni na pesa ya nauli. Somoe wakati huo alikuwa mtoto mdogo tu.

Baadaye baba mdogo akaugua. Wenyeji wa huku mnajua shamba linavyoondoka: kwanza unauza kangomba, yaani kwa walanguzi, kabla ya msimu, kilo kwa bei ya kutupwa, halafu unaweka mikorosho rehani, halafu unakuwa kibarua kwenye miti uliyoipanda mwenyewe. Mwaka ule wa 2017 korosho ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakanunua pikipiki na kupaua nyumba bati, mamdogo alikuwa anaokota kwenye shamba lake kwa ajili ya mtu mwingine. Akabaki mjane, anabangua korosho za watu. Vidole vyake mafuta ya ganda yameviunguza mpaka vimekuwa vyeusi, na kucha mbili hazijarudi. Somoe alipofeli kidato cha nne, mamdogo alinipigia simu: "Mwanangu, mchukue mdogo wako, ukamtazame." Hakusema akafanye kazi. Alisema nimtazame.

Sasa ile Jumapili. Mume wangu alialika wenzake wa kazini na wake zao, tumepika wali, pweza wa nazi, kisamvu cha karanga. Somoe alipita na jagi na beseni ananawisha watu. Mke mmoja, mtu wa heshima tu, akaniuliza, "Huyu ni mdogo wako? Mmefanana." Nami nikajibu, haraka, kama niliyeulizwa swali la polisi: "Hapana, ni dada wa nyumbani."

Sijui kwa nini nilisema vile. Labda kwa sababu alikuwa amejifunga khanga imefifia na miguu ilikuwa peku. Labda niliona nikisema ndiyo, swali linalofuata ni kwa nini mdogo wako hayupo mezani.

Zamu yangu ya kunawa ikafika. Somoe akamimina. Nikamaliza kunawa, yeye anamimina. Nikarudisha mikono, yeye anamimina tu, taratibu, ananitazama vidole, hadi jagi likaisha. Akasema, "Karibuni chakula, bosi," akaenda jikoni. Toka siku hiyo mimi ni bosi. Si kwa kejeli, Shangazi; ingekuwa kejeli nisingeumia hivi. Anasema kwa adabu kabisa: "Bosi, gesi imekwisha." Sahani yake haileti tena sebuleni.

Kinachonichoma ni kwamba mimi mwenyewe nilipitia haya. Nilipokuwa Dar, ukisema unatoka Mtwara swali la pili lilikuwa, "Unafanya kazi kwa nani?" Jina la Machinga, kabila la pale Lindi tu, mjini limegeuka la kila anayetembeza nguo begani, na mtu wa kusini kwenye vichekesho siku zote alikuwa mlinzi. Kuna mama mwenye nyumba aliwahi kunikabidhi beseni la nguo zake kabla hajaniuliza jina. Nililia usiku ule. Sasa beseni nimelishika mimi, kwa upande wa pili.

Nimeomba ushauri nyumbani, na kila mtu ana lake.

Mume wangu, kwao Songea, hana maneno mengi. Anasema tuandikishane mkataba, tumlipe Somoe mshahara kila mwisho wa mwezi. Ameshanisomea sheria ya ajira ya mwaka 2004 kwamba mfanyakazi ana siku 28 za likizo kwa mwaka, na Somoe hajawahi kupata hata wiki. Kweli hajawahi. Miaka miwili tumempa nguo za Idi, vocha, na elfu kumi kumi akiomba. Tuliita "kumtunza".

Mama yangu nusura avunje simu. "Umlipe mdogo wako? Ukishamlipa, siku mtakayokosana utamfukuza, si ndiyo? Ndugu hafukuzwi kwa sababu halipwi." Nimelifikiria sana hili la mama. Lina ukweli, ila naona pia linanifaa mimi mno kupita linavyomfaa Somoe.

Somoe mwenyewe nilimwendea jikoni usiku, akiwa anasugua sufuria. Nikamwomba radhi kwa ile Jumapili. Akasema yameisha. Nikamuuliza anataka nini. Akasugua kwanza, kisha akasema bila kugeuka: "Nilipe, dada. Nataka kwenda VETA kushona. Udugu nitakuwa nao hata nikiwa kwangu." Ndiyo mara pekee wiki hizi ameniita dada, na kwa mara ya kwanza neno lile lilikaa mahali pake.

Basi unaona ningekuwa nimeshapata jibu. Lakini nikimpeleka VETA mchana, nani atabaki na mtoto? Itabidi nichukue binti mwingine, wa mtu mwingine, nimpe kile chumba cha uani na, nisidanganye, kile kikombe. Na nikianza kumlipa Somoe leo, ile miaka miwili ya nyuma naihesabuje? Nimlipe deni, au nikimlipa nitakuwa nimekiri mbele ya ukoo mzima kwamba nilimfanya kijakazi? Nimepiga hesabu, mimi mhasibu; ni pesa ambayo siwezi kuitoa kwa mkupuo.

Kubwa zaidi, mamdogo anakuja Alhamisi. Anakuja kutibiwa macho, atakaa kwangu wiki mbili. Kapiga simu kuwa anatuletea ming'oko na korosho alizobangua mwenyewe. Nitampokea stendi ya Mkanaledi. Atakaa mezani au tutandike mkeka wote? Nimwambie mwenyewe yaliyotokea, au nisubiri ayaone? Kwa maana ataona. Anaona vibaya mbali, karibu anaona.

Chumba cha uani tayari nimemhamisha Somoe, nimempa kitanda chumba cha binti yangu. Binti kanuna. Juzi nikawakalisha watoto wote wawili, nikawaambia kuanzia leo yule ni mamdogo, mtoto wa bibi mdogo, na bibi mdogo ndiye aliyemsomesha mama. Walisikiliza vizuri. Nilipomaliza, wa miaka minne akaniuliza, "Mamdogo yupi, mama? Dada?"

Nisaidieni kabla ya Alhamisi.

Mhasibu wa Shangani, Mtwara