Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwanafunzi Akutane Kwanza na Kazi ya Sanaa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha walimu wa fasihi na sanaa, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka tunaoufunga. Kumbukumbu za vikao mnazo mkononi, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe: tulivyowafundisha vijana historia ya sanaa za nchi hii, palipokwenda vizuri na palipokwama.

Mkutano uliopita uliazimia kwamba historia ya uchoraji, maigizo, ngoma na fasihi isifundishwe tena kwa kunakili ubaoni orodha ya majina na miaka. Mwanafunzi akutane kwanza na kazi, aione, aisikie, aicheze ikiwezekana. Kisha ndipo aulize ilitoka wapi, ilitengenezwa kwa ajili ya nani na watu wa wakati ule waliipokeaje. Azimio lilipita bila kupingwa. Utekelezaji wake umetofautiana sana kati ya shule na shule.

Nianze na tamthiliya, maana huko ndiko tulikovuna zaidi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya ya vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani, ilichapishwa mwaka 1969, na wengi wetu tuliisoma tukiwa wanafunzi. Tuliisomaje? Tumekaa kwenye madawati, mmoja anasoma kwa sauti, mwalimu anachambua dhamira, wahusika na mandhari, kengele inalia. Safari hii kamati ya taaluma iliandaa somo la vipindi vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha historia tupu. Ramani ilitundikwa ukutani, wanafunzi wakatafuta Ngarambe, Nandete na Mohoro, mahali vita hiyo ilipoanzia. Wakajifunza habari za kilimo cha pamba cha kulazimishwa chini ya Wajerumani, jinsi miche ya pamba ilivyong'olewa Nandete mwishoni mwa Julai 1905, na kwamba Kinjikitile Ngwale, mganga halisi aliyewapa watu maji ya dawa ya kuwakinga na risasi na ambaye jina lake limebebwa na tamthiliya, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wakati vita ndiyo kwanza inawaka. Watu wa kusini waliendelea kupigana hadi 1907 bila yeye.

Kipindi cha pili madawati yakasogezwa na tamthiliya ikasimamishwa kwa miguu. Katika shule mojawapo niliyotembelea, msichana wa kidato cha tatu alisimamisha maonyesho katikati akauliza: mbona huyu wa kitabuni bado yu hai na vita imekwisha kupamba moto? Mwalimu hakumjibu. Aliandika swali ubaoni na kuliacha hapo hadi kipindi cha tatu. Wenzangu, hapo ndipo historia ya fasihi inapoanza. Hussein mwenyewe ameeleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si nakala ya mtu aliyeishi. Basi kwa nini mwandishi amwongezee uhai? Anamtaka aone nini, aseme nini, ambacho yule wa 1905 hakupata nafasi ya kukiona? Darasa likajadili mwaka 1969 wenyewe: nchi ina uhuru wa miaka michache, Azimio la Arusha limetangazwa miaka miwili nyuma, viongozi wanawaambia watu waamini jambo kubwa ambalo bado hawajaliona. Walipofika mwisho, pale Kinjeketile akiwa gerezani anapotakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo naye anakataa, mvulana aliyeigiza nafasi hiyo alisema hawezi kutamka "ndiyo" hata kama kitabu kingemruhusu, kwa sababu waliokufa wangekuwa wamekufa bure. Sijawahi kupata jibu kama hilo katika karatasi ya mtihani.

Kwa upande wa ngoma tulichagua mbili. Ya kwanza ni mganda wa watu wa Ziwa Nyasa. Vijana wetu wengi wanauona kama ngoma ya asili, ya tangu na tangu. Tuliwaomba wautazame vizuri: safu zilizonyooka, kaptula na soksi nyeupe, hatua za gwaride, vibuyu vinavyolia kama tarumbeta, wachezaji wenye vyeo vya kijeshi. Kisha tukawauliza, gwaride hili limetoka wapi? Jibu linawapeleka pwani, kwenye beni iliyochipuka miji ya Kenya kama Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za wakoloni na kushindana kwa vikundi. Linawapeleka kwa Marini na Arinoti, vikundi vya beni vilivyokuwa mahasimu, na kwa askari na wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918 walioisambaza beni kutoka pwani hadi bara. Mwanafunzi akishalijua hilo, neno "asili" halisemi tena kwa mazoea. Anaona kwamba wazee wake waliitazama bendi ya mtawala, wakachukua walichokipenda, wakakigeuza kuwa chao kwa kibuyu na kwa miguu yao wenyewe.

Ya pili ni sindimba ya Wamakonde, na hapa pana mjadala ambao naomba tuuendeleze. Sindimba ina uhusiano na jando na unyago. Baada ya uhuru, ilipopandishwa jukwaani na kikundi cha ngoma cha taifa, duara likafunguka likatazama wageni, muda ukafupishwa, na watazamaji wengi wakabaki na kiuno tu. Msomi na mwandishi wa tamthiliya Penina Muhando Mlama ni miongoni mwa waliolisema jambo hili waziwazi. Kwa maoni yangu, mwalimu anayefundisha sindimba bila kueleza safari hiyo amefundisha mazoezi ya viungo. Wapo wanachama walionipinga kwamba mambo ya unyago si ya darasani. Nawaheshimu. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kuambiwa kwamba ngoma hii ilikuwa na mafunzo yake, mahali pake na wenyewe, bila kufunuliwa siri za watu.

Uchoraji tuliugusa kwa somo moja ambalo ningependa lifike kila shule, kwa kuwa gharama yake ni ndogo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa miaka michache tu Dar es Salaam kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1972. Hakuwa na turubai wala rangi za duka la sanaa. Alitumia vipande vya mraba vya hadibodi, ile ya kupigia dari, na rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Tuliwapa wanafunzi vifaa hivyohivyo. Baada ya saa moja walikuwa wameng'amua wenyewe mambo ambayo mwalimu angeyaeleza wiki nzima: rangi hiyo ni nzito, inang'aa, haichanganyiki kirahisi juu ya ubao, kwa hiyo unapaka nyuma rangi moja, unasubiri ikauke, unaweka mnyama mmoja mkubwa katikati, unamzungushia mstari na kumjaza madoa. Wakaelewa pia kwa nini mtindo ule uliweza kurithishwa kwa ndugu na wanafunzi wake na kuendelea hadi leo.

Taarabu tuliipitia haraka mno. Mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Muziki, ushairi na nathari vinakutana katika mwanamke mmoja aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu. Tulimpa kipindi kimoja. Anastahili muhula, na kamati ya taaluma imeelekezwa hivyo.

Sasa vikwazo. Kikubwa ni muda wa mitihani. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umezipa sanaa nafasi nzuri kuliko zamani, lakini mkuu wa shule anayepimwa kwa ufaulu bado anaona kusogeza madawati ni kupoteza kipindi. Shule moja ilifuta ziara ya wanafunzi kwenda Bagamoyo siku ile ile ya safari, wazazi wakiwa wamekwisha kulipa nauli. Suala hilo tumelimaliza kwa mazungumzo na fedha zimerudishwa, ila wale watoto hawakuiona Bagamoyo, mji ambao tangu 1981 una chuo cha sanaa, kinachojulikana sasa kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Vitabu navyo ni tatizo. Tamthiliya kadhaa za miaka ya 1970 na 1980 hazipatikani madukani, na walimu wanafundisha kwa nakala zilizochanika. Tusikubali kutoa fotokopi za kitabu kizima. Tuwaandikie wachapishaji kwa pamoja, kama chama, wavirudishe sokoni.

Lipo jambo lingine linalonigusa zaidi. Wazee wa ngoma na wachongaji tunaowaalika shuleni wamekuwa wakirudi makwao na soda na neno la asante. Mgeni wa semina wizarani hupewa posho. Fundi aliyebeba ujuzi wa vizazi vitatu anapewa biskuti. Kuanzia sasa napendekeza asiitwe mtu yeyote bila malipo yaliyokubaliwa mapema, pamoja na nauli yake na ya msaidizi wake. Aidha, nakala ya tunachorekodi kwake ibaki naye, na rekodi hiyo isitumike nje ya darasa bila ridhaa yake.

Ninaishukuru kamati ya taaluma, walimu waliojitolea Jumamosi zao, na wazazi waliokubali watoto wachafue sare kwa rangi ya baiskeli.

Mapendekezo yaliyo mbele yenu ni haya: kuanzishwa kwa fungu la malipo ya wasanii waalikwa kutoka kwenye ada zetu, barua ya pamoja kwa wachapishaji, na siku moja katika kila muhula ambapo wanafunzi wa shule jirani watakutana kuonyeshana kazi walizozichunguza. La kwanza litahitaji ada ipande kidogo, na mweka hazina atawaeleza kiasi.

Ndugu wanachama, naomba kutoa hoja.