Programu za jikoni zijue tenga na sado

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie programu za kompyuta za kutunza mapishi na kukokotoa gharama za chakula, ambazo wenye hoteli na migahawa ya Dar es Salaam wanashawishiwa kuzinunua. Sizipingi hata kidogo. Kazi yangu ni kutunza hesabu za jikoni, na ninaijua faida ya mpishi mkuu kuona papo hapo ni vyakula gani katika menyu yake vimeguswa bei ya vitunguu inapopanda. Tatizo ni kwamba nyingi zimetungwa kwa ajili ya majiko yanayopokea bidhaa zilizokwisha kupimwa na kusafishwa, ilhali sisi tunanunua nyanya kwa tenga, mchicha kwa fungu na maharage kwa sado, yaani kopo la kupimia sokoni.

Tenga halina uzito mmoja, na nyanya za chini mara nyingi zimepondeka. Mtunza stoo akiandika "tenga moja", na programu ikalihesabu kwa kilo zilezile zilizoingizwa siku ya kwanza, hesabu zote zinazofuata zinapotoka, ingawa kwenye skrini zinaonekana nadhifu.

Kwa samaki ndipo hasara inapojificha zaidi. Tuseme jiko limenunua katika soko la samaki la Feri kolekole mzima wa kilo 5, kwa shilingi 12,000 kila kilo, yaani shilingi 60,000. Akishaparwa, akatolewa utumbo, kichwa na mifupa, tuseme minofu iliyobaki ni kilo 2.4; kilo moja ya minofu imegharimu shilingi 25,000, na sahani ya gramu 200 ni shilingi 5,000. Asiyeingiza kiwango cha kinachobaki baada ya kusafisha ataambiwa na programu kuwa sahani hiyo ni shilingi 2,400, naye atapanga bei kwa kuamini hivyo. Upande wa pili, programu hizo huhesabu kichwa na mifupa kuwa taka isipokuwa mtu aelekeze vinginevyo, na hapa kwetu nani anatupa kichwa cha kolekole? Kinakwenda kwenye supu, na supu inauzwa. Tukikipa pamoja na mifupa yake thamani ya shilingi 12,000, sahani ya minofu inashuka hadi shilingi 4,000.

Lipo pia suala la kodi. Kwa mgahawa uliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), chakula kinachouzwa shilingi 23,600 kina shilingi 3,600 za serikali ndani yake, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Gharama ya chakula ilinganishwe na shilingi 20,000 zinazobaki, wala si bei iliyochapwa kwenye menyu.

Ninawaomba vijana wetu wanaotengeneza programu waweke vipimo vya sokoni, kila kimoja kikidai uzito mpya mzigo unapopokelewa, na ukurasa wa stoo uwe kwa Kiswahili. Wenye migahawa nao wanunue kwanza mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, waiweke mlango wa nyuma mizigo inakoingilia. Muuzaji wa programu akija, aombwe aingize tenga moja la nyanya na samaki mmoja mzima mbele ya mpishi, kabla mtu hajatia saini mkataba.

Mtunza hesabu za jikoni,
Kinondoni, Dar es Salaam