Ukurasa wa chakula ufike mpaka kwa mutura

Mhariri,

Mi ni msomaji wenu tangu enzi za kununua nakala kwa kioski pale Thika, siku hizi nawasoma kwa simu nikiwa huku Nuremberg, Ujerumani, ambako nafanya kazi jikoni, na leo naandika kuhusu ukurasa wenu wa chakula. Ukurasa ni mzuri, mke wangu anaupenda sana, lakini kila nikiufungua nakutana na keki, biriani ya sikukuu, mara juisi ya kupunguza kitambi. Chakula cha barabarani sikioni. Mutura, ile soseji yetu ya utumbo uliojazwa nyama na damu, hakuna, smokie, ile soseji ya moshi, hakuna, viazi karai na mishkaki ya Mombasa vinatajwa tu kukiwa na habari ya watu kuharisha. Hiyo inaniuma kusema kweli, maanake huku nilipo nimeona vile wenzetu wanaheshimu soseji zao na sioni walicho nacho ambacho sisi hatuna.

Chukua hii ya hapa Nuremberg. Ni kasoseji kadogo kama kidole, sentimita 7 mpaka 9, gramu 20 hadi 25, nyama ya nguruwe iliyotiwa majani ya majoram, inachomwa kwa moto wa kuni. Unapewa tatu ndani ya kamkate ka duara, unapaka haradali, unakula umesimama hapohapo sokoni na baridi yote ile. Basi. Lakini tangu 2003 Umoja wa Ulaya unalinda hilo jina, ukiitengeneza nje ya mipaka ya mji huruhusiwi kuiita hivyo. Alafu kule jimbo la Thuringia, hapahapa Ujerumani, mji wa Arnstadt, kuna hesabu ya watawa ya mwaka 1404 imeandikwa pesa walizotoa kununua matumbo ya kutengenezea soseji, na Weimar wana sheria ya wachinjaji ya 1432 inayosema soseji iwe ya nyama safi isiyoharibika. Hebu fikiria, hesabu ya kununua matumbo imetunzwa miaka zaidi ya 600, na sisi yule jamaa anayetukatia mutura kila jioni hakuna mwandishi amewahi kusimama hapo amuulize bwana, hiyo umetia nini ndani?

Na ametia mambo! Mi nimekua nikiangalia ikitengenezwa. Utumbo unaoshwa, unageuzwa ndani nje, unaoshwa tena na tena mpaka maji yatoke safi, hapo ndio kazi kubwa iko na fundi mvivu utamjua kwa harufu tu. Nyama na mafuta vinakatwa vidogo, kitunguu, dhania, pilipili, chumvi, damu, vyote vinaingizwa ndani, ncha zinafungwa kwa uzi. Inachemshwa kwanza kwa sufuria, inadungwadungwa kwa kijiti isipasuke, ndio inahamia kwa waya juu ya makaa na hapo haina haraka, inageuzwa polepole ngozi ikianza kukauka na kulia chwaaa. Ikifika saa kumi na mbili jioni watu wamezunguka jiko, mwenye suti na mtu wa mjengo bega kwa bega, nikatie ya hamsini, nikatie ya thelathini, kisu kinapita kwa ubao kaka kaka kaka, unagusisha kipande kwa chumvi pembeni unaweka mdomoni kikiwa moto bado, unashushia na kikombe cha supu. Mi nimekula soseji nyingi na kazi yangu ni chakula, na nakwambia Mhariri hakuna soseji huku inayoishinda mutura iliyochomwa vizuri. Inatoka kwa watu waliochinja mbuzi wa ruracio, yaani wa mahari, wakahakikisha hakuna kitu kinatupwa, hiyo ni akili ya jikoni na ingepaswa kuandikwa.

Maanake huko kwingine wanaandika. Berlin ukifika Charlottenburg kuna kibao cha ukumbusho cha mama mmoja anaitwa Herta Heuwer, mwenye kibanda. Tarehe 4 Septemba 1949, mji bado ni vifusi vya vita, alichanganya sosi ya nyanya na bizari, ile ya unga ambayo wanasimulia ilitoka kwa wanajeshi wa Uingereza, akamwagia soseji iliyokatwakatwa na hapo currywurst ikazaliwa. Leo huwezi kutaja Berlin bila hiyo kitu. Vienna nao 2024 wameingiza vibanda vyao vya soseji kwenye orodha ya urithi wa Austria chini ya UNESCO, vibanda ambavyo mwenye teksi na anayetoka opera wanakutana usiku wa manane, sasa niambieni hiyo na kibanda cha smokie pale stage ya matatu inatofautiana wapi?

Reykjavik, kule Iceland, kuna kakibanda kamoja kanauza hotidogi tangu 1937, Bill Clinton, rais wa zamani wa Marekani, alisimama hapo akala 2004 na watu hawajaacha kupiga foleni. Binamu yangu yuko Chicago, huko mkate una mbegu za poppy, wanaweka haradali, kitunguu, nyanya, tango la achari, pilipili na chumvi ya celery, ila ukiomba ketchup watu wanakukunjia uso. Waajentina wanapasua chorizo katikati kwa urefu wanaitia kwa mkate na chimichurri juu, ile sosi yao ya majani na siki, na mimi nikiiona najisikia niko Nairobi kabisa, smokie imepasuliwa vilevile, kachumbari imeshindiliwa ndani mpaka inamwagika. Jikoni kwetu kuna mama wa Kithai alitufundisha soseji ya kwao Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, nyama na wali na vitunguu saumu, inaachwa siku kadhaa ichachuke ndio ichomwe, inaliwa na tangawizi mbichi na kabeji na pilipili. Uchachu wake unanoga ajabu.

Najua kuna wasomaji wenu Waislamu watasema nyingi za hizi hatuli, na mutura ina damu. Ni kweli na inabidi isemwe wazi, si kila kibanda ni cha kila mtu. Ila barabara ni pana. Kuna merguez ya Morocco na Algeria, ya kondoo, nyekundu kwa pilipili, imejaa mitaani Ufaransa. Waturuki hapa wana sucuk ya ng'ombe, wanaichoma wanaitia kwa mkate. Na Pwani kwetu mishkaki ya Mombasa na mezani pa Forodhani pale Unguja hapahitaji kuombewa nafasi na mtu.

Alafu kuna suala la usafi, hilo silikwepi kwa sababu ndio kisingizio cha kwanza kila siku. Maji ya bomba yakosekane kando ya jiko, choo kikose, alafu kanjo, wale askari wa kaunti, waje wabebe troli ya mtu na mayai yake ya boilo kama wamekamata silaha, hiyo haimsaidii mlaji hata kidogo. Singapore walikuwa na wauzaji kila kona, kuanzia 1971 serikali ikajenga vituo vyenye maji na mitaro ikawahamishia humo mpaka miaka ya 80 kazi ikaisha, na 2020 UNESCO ikautambua utamaduni huo kuwa urithi wa dunia nzima. California walipitisha sheria 2018 kuwa kuuza chakula kando ya barabara si kosa la jinai tena. Na Afrika Kusini boerewors imewekewa sheria yake, nyama pamoja na mafuta yake isipungue asilimia 90, na mafuta yenyewe yasizidi asilimia 30, matumbo ya kujazia hakuna, ule utumbo wa kufungia tu ndio unaruhusiwa. Mlaji anajua anakula nini na muuzaji anajua anatakiwa afanye nini, wote wanalala vizuri.

Kwa hivyo ombi langu Mhariri ni dogo. Mtengee chakula cha barabarani nafasi kila wiki. Mtume mwandishi anayependa kula, asiende asubuhi na daftari akakuta jiko baridi, aende saa kumi jioni mutura ikiwa bado kwa sufuria, amuulize fundi anaoshaje utumbo na maji anatoa wapi na ananunua kwa nani, aandike bei, ataje kona, na kama pahali ni pachafu aseme hivyohivyo bila kuficha. Wiki inayofuata smokie, ingine mishkaki, ingine mvuke border waonje rolex kule Uganda, chapati na mayai, wale wameshaifanyia mpaka tamasha Kampala. Mkitaka pa kuanzia, mi ningesema anzeni Thika, karibu na stage, na mwandishi wenu asile lunch siku hiyo.

Msomaji wenu,
Nuremberg, Ujerumani