Mpwa wangu, njaa peke yake haitengenezi spora

Mpwa wangu mpendwa,

Juzi uliniambia kwenye simu kwamba sura ya spora umeimaliza: bakteria akikosa chakula hujifungia ndani ya ganda gumu, basi. Sikukukatiza kwa kuwa ulikuwa unakimbilia mtihani, lakini maneno yale hayajanitoka kichwani. Njaa ipo, sikatai. Ila kati ya njaa na ganda pana safari ndefu, na utamu wote uko humo. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wengi tumefundishwa hivyo hivyo.

Mchukue Bacillus subtilis, yule wa udongoni ambaye Ferdinand Cohn alizieleza spora zake mwaka 1876. Kutengeneza spora moja humchukua saa 7 au 8, na akishavuka hatua fulani harudi nyuma tena. Chakula kikirejea ghafla, mwenzake aliyesubiri kidogo ataendelea kugawanyika huku yeye yumo gandani, amelala. Kosa la namna hiyo ni ghali, ndiyo maana uamuzi haukuachiwa protini moja.

Habari hubebwa na fosfeti, kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni kinachopitishwa kutoka protini moja hadi nyingine. KinA ni kinesi, yaani kimeng'enya cha kubandika fosfeti, na huanza kwa kujibandika chenyewe: huitoa fosfeti kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuiweka kwenye histidini yake, moja ya asidi amino zinazoijenga protini. Kisha huikabidhi protini ya pili, Spo0F, kwenye aspateti, asidi amino nyingine. Spo0F huipa Spo0B, kwenye histidini. Spo0B huipa Spo0A, kwenye aspateti tena. Isome polepole, mpwa wangu, maana fosfeti ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, inapita mkono kwa mkono kama kijiti cha mbio za kupokezana. Kikundi cha mtafiti James Hoch ndicho kilichochapisha mpangilio huu, mwaka 1991. Spo0A ikishaipokea hushika DNA na kuwasha au kuzima jeni, na zile inazozigusa moja kwa moja zinapita 100.

Utauliza: mbona wapokezi wengi hivyo? Jamaa zake wa jenasi ya Clostridium hawana Spo0F wala Spo0B. Kinesi zao humkabidhi Spo0A bila mtu wa kati. Kwa Bacillus, naamini faida ni kwamba kila kituo kina mahali pa kusema "ngoja kwanza". Baadhi ya protini za familia iitwayo Rap huinyang'anya Spo0F fosfeti yake. Protini nyingine, Spo0E, huinyang'anya Spo0A. DNA ikiwa imeharibika, au kunakiliwa kwake kukikwama, protini ndogo iitwayo Sda huikaba KinA isifanye kazi, kwani spora yenye DNA mbovu ina faida gani? Rap nazo zina wa kuzinyamazisha: peptidi, yaani vipande vya protini, fupi sana ambazo seli huzitoa nje kisha huzirudisha ndani. Ile ya PhrA ina asidi amino 5 tu.

Hata Spo0A yenye fosfeti haifiki kileleni kwa mkupuo. Kiasi chake kikiwa bado kidogo, seli hutoa sumu inayowaua ndugu zake ambao hawajaanza safari, hujilisha mabaki yao, na kuahirisha spora. Mara ya kwanza niliposoma hili nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Ikiongezeka vya kutosha, seli hujenga ukuta karibu na ncha yake moja, si katikati. Chumba kidogo kinachopatikana ndicho kitakachokuwa spora, na wakati huo theluthi moja tu hivi ya kromosomu yake imo ndani. Iliyobaki huvutwa baadaye na pampu iitwayo SpoIIIE. Jeni za chumba hicho huamshwa na protini iitwayo sigma F, ambayo mpaka hapo imeshikwa na protini nyingine, SpoIIAB. SpoIIAB hiyohiyo ni kinesi: hubandika fosfeti kwenye protini ya tatu, SpoIIAA, na SpoIIAA yenye fosfeti haiwezi kuiokoa sigma F. Pale ukutani hukaa SpoIIE, ambayo kazi yake ni kubandua. SpoIIAA ikishavuliwa fosfeti huing'ang'ania SpoIIAB, nayo sigma F huachiliwa, tena katika chumba kidogo tu.

Umeona? Kule mwanzo kubandika ndiko kulikoruhusu safari. Hapa ni kubandua. Kwa hiyo usikariri kwamba fosfeti maana yake ni kuwasha. Kila mara uliza imekaa kwenye protini ipi, na protini hiyo inamshika nani.

Ukifunga masomo uje. Nitakuwekea seli kwenye hadubini, zile zilizokaa na njaa usiku kucha. Utaona vijiti vyeusi, na ndani ya kila kimoja, kuelekea ncha moja, yai dogo linalong'aa.

Mjomba wako