Maua ya kunyonya fosfeti yasiishie kupandwa

Mhariri,

Wanaopendekeza maua ya bustani yabadilishwe jeni ili yanyonye fosfeti kabla haijafika Ziwa Victoria wana hoja. Fosfeti ndiyo inayonenepesha mwani na magugu maji, na jeni ya kuanzia inajulikana. PHO2 ni kama breki ya mmea: ikizimwa, mizizi haiachi kunyonya hata majani yakishatosheka.

Hesabu yenyewe inavutia. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una fosforasi, kiini cha fosfeti, kilo 10 hivi. Majani makavu ya kawaida yana fosforasi takriban asilimia 0.3, kwa hiyo kuitoa yote kunahitaji kilo 3,300 za majani makavu. Yakifika asilimia 1, kilo 1,000 zinatosha.

Ila fosforasi haipotei hewani. Imo ndani ya jani, na jani likikauka mtaroni, mvua ya kwanza tu inaikamua na kuipeleka ziwani. Kwa hiyo kata majani yangali mabichi, kabla mmea haujaanza kuzeeka na kuhamishia fosforasi kwenye mbegu. Rundo likae chini ya paa, kisha lipelekwe kuwa mboji ya shamba lililo mbali na maji na lenye upungufu wa fosfeti. Kulichomea kando ya mto ni kazi bure, maana fosforasi inabaki kwenye majivu.

Mmea uliojaa kupita kiasi huungua ncha za majani, yakianza yale ya zamani. Mtunza bustani atadhani ni njaa, aongeze DAP, na hapo bustani inageuka chanzo cha uchafu. Apime udongo kwanza.

Tena mzizi hunyonya fosfeti iliyoyeyuka tu. Ile iliyoshikamana na chembe za udongo mwekundu hupita na tope juu ya bustani, na hiyo huzuiwa na matuta na ukanda mnene wa nyasi upande wa juu.

Mbegu nazo zina hatari yake. Magugu maji yaliletwa Afrika kama ua la mapambo. Aina itakayobadilishwa iwe tasa, ipandwe kwa vipande vya shina au tunguu, na isioteshwe ukingoni mwa maji.

Halmashauri itakayofikiria mradi huu itenge kwanza fedha za wakataji, gari na banda la mboji, ndipo inunue miche.

Mtaalamu wa udongo,
Mwanza