Kwa Mama Salma, kuhusu cheti ulichoniuliza

Kansas City, Missouri

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wanakua, baba yao bado na zamu zake za usiku. Na hongera sana kwa cheo! Niliposoma ujumbe wako kwamba chuo kimekukabidhi kituo cha kujifunzia nilicheka peke yangu jikoni, maana hata bwenini wewe ndiye uliyekuwa ukitukalisha kudurusu wakati wenzako tunataka kulala.

Umeniuliza uanze na cheti gani, cha NCLCA, kile chama cha vituo vya kujifunzia vyuoni, ambacho ni cha viongozi wa vituo, au cha CRLA, chama cha usomaji na ujifunzaji vyuoni, ambacho ni cha wakufunzi, yaani wanafunzi wanaofundisha wenzao. Nakujibu bila kuzunguka: cha kwako wewe mwenyewe kisubiri. Anza na cha wakufunzi, cha CRLA.

Sababu ni fedha, wala si nyingine. Cheti cha CRLA hapewi mtu, hupewa programu ya mafunzo, kisha programu ndiyo inawapa wakufunzi wake vyeti. Utaratibu huo upo tangu 1989. Ngazi ya kwanza inataka kila mkufunzi apate si chini ya saa 10 za mafunzo na afundishe saa 25. Sasa piga hesabu: ukiwa na wanafunzi 20 wanaofundisha wenzao, hizo ni saa 200 za mafunzo kabla hujafika ngazi ya pili, na kila saa inalipwa, kwa sababu hakuna mwanafunzi wa chuo cha miaka miwili, mwenye kazi nyingine dukani, atakayekuja kukaa bure Jumamosi. Ukimwendea bosi wako na ombi la cheti chako binafsi, atakwambia mwaka huu bajeti imebana, na mazungumzo yataishia hapo. Ukimwendea na masharti ya programu yaliyoandikwa na watu wa nje, anatafuta pesa au anakataa kwa maandishi. Vyote viwili vinakusaidia.

Jiandae na swali moja. Kwenye chuo nilichofanya kazi mwanzo, mkubwa wangu aliniuliza: hawa vijana wote wana A, wafundishwe nini tena? Nilinyamaza siku ile, lakini leo ningemwalika tu aje akae kituoni nusu saa aone.

Angeona hivi. Kijana wangu mmoja, kichwa cha hesabu kweli kweli, alikaa na mwanafunzi wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Swali lilikuwa la milinganyo, kutafuta x. Mkufunzi akavuta karatasi kwake, akaandika mstari baada ya mstari kwa mwandiko safi, na kila mstari akiuliza, "Umeelewa?" Mwenzake anaitika ndiyo. Mpaka mwisho, ndiyo. Akashukuru kwa adabu zote, akafunga begi. Nilipomsindikiza mlangoni nikamuuliza kwa Kiswahili imekuwaje. Akasema, "Mama, sikuelewa kitu, lakini nilisikia haya kumusumbua."

Yule mkufunzi hakuwa mvivu wala hana dharau. Hakuna aliyewahi kumwonyesha njia nyingine. Wiki ile nilimkalisha, mimi nikawa mwanafunzi, yeye mikono ameikalia. Alitaabika! Mara tatu mkono ulichomoka kufuata penseli. Lakini baada ya hapo alianza kuuliza, "Hapa umepataje?" badala ya "Umeelewa?", na kituoni kwangu hilo la "Umeelewa?" sasa ni marufuku. Kwa watoto waliolelewa kumheshimu anayefundisha, na hao ndio wetu, "umeelewa" ina jibu moja tu.

Jambo jingine la kufanyia mazoezi ni kunyamaza. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya Marekani akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, wanafunzi walijibu kwa urefu, na hata waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu kwa mkufunzi wa miaka kumi na tisa ni karne nzima. Wapange wawili wawili, mmoja aulize, mwingine ashike saa.

Kwa hiyo zile saa 10 zilinde. Watu wa utumishi watataka kuziingilia na fomu zao. Habari ya FERPA, ile sheria ya 1974 ya siri za kumbukumbu za wanafunzi, lazima waifahamu, hasa kwamba alama za mtu hazizungumzwi koridoni wala kwenye kundi la WhatsApp, lakini nusu saa inatosha. Saa zinazobaki zote ziwe mazoezi. Halafu wewe pita mezani kila wiki, kaa pembeni dakika chache, uangalie kitu kimoja tu: penseli iko mkononi mwa nani.

Najua pia bosi wako atakuletea habari za SI (Supplemental Instruction), vile vipindi vya ziada vya kujisomea pamoja vinavyoongozwa na mwanafunzi aliyekwisha kufaulu somo hilo, maana kila chuo kinaitaka. Ilizaliwa mji huu huu, Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City, mwaka 1973, kwa kazi ya Deanna Martin. Naipenda kwa sababu hailengi mwanafunzi dhaifu, inalenga somo gumu, lile ambalo watu wengi wanafeli au wanajitoa, kwa hiyo hakuna anayeona aibu kuhudhuria. Ila kiongozi wa SI anarudi kuketi darasani vipindi vyote pamoja na wanafunzi, na saa hizo nazo ni mshahara. Usikubali mpaka uione pesa.

Cha kwako sasa. Cheti cha NCLCA cha uongozi wa vituo kina ngazi nne, na unakiomba kwa ushahidi wa kazi na mafunzo uliyopitia. Basi fungua faili leo: ratiba, orodha za mahudhurio, kila semina uliyohudhuria au kuendesha. Ukija kwenye mkutano wao, kaa na watu wa vyuo vidogo kama chenu. Wale wa vyuo vikuu vikubwa ni wazuri, lakini watakusimulia mifumo ya kompyuta ambayo bei yake ni bajeti yako ya mwaka mzima.

Nitumie rasimu ya mafunzo yako ya Agosti kabla hujaipeleka kwa bosi, pamoja na ukurasa wa bajeti, niipitie Jumapili. Msalimie Baba Salma, na Salma mwambie shangazi anadai picha za mahafali.

Wako,
Mama Idi