"Maji baridi" ya mto si lazima yaipoze bahari

Mhariri,

Jina "maji baridi" limewaponza wengi. Kwa Kiswahili ni maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa ya vuguvugu, lakini habari za midomo ya mito huandikwa kana kwamba mto ukifika baharini kazi yake ni kupoza. Tunaomba waandishi waliangalie upya jambo hili, kwani penye mkutano huo chumvi ndiyo inayoamua, na joto hufuata.

Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari yenye nyuzi 25 na chumvi gramu 35 kwa kilo ina uzito wa kilo 1,023 hivi. Ya mto, kilo 997. Katika bahari za tropiki, kuongeza gramu moja ya chumvi kwa kila kilo huyapa maji uzito sawa na kuyapoza kwa nyuzi 2 na nusu hivi. Basi mto wenye ubaridi wa nyuzi 10 kuliko bahari bado utaelea juu yake. Anayetaka kuona achukue bilauri ya kioo, aijaze nusu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi gramu 35 kwa lita, kisha apitishe maji ya friji yenye rangi polepole juu ya mgongo wa kijiko. Rangi itakaa juu. Akimimina kwa kishindo, yote yatachanganyika.

Kishindo hicho, mtoni, hutokana na tofauti ya mwendo. Tabaka la juu likiteleza kwa kasi juu ya la chini, penye mpaka wao huinuka mawimbi, hujiviringisha na kuvunjika, na hapo joto na chumvi huvuka. Tofauti ya uzito kati ya matabaka huupinga msukosuko huo. Mpaka wenye unene wa mita 1 na tofauti ya kilo 20 kwa mita ya ujazo hauvunjiki hadi tofauti ya mwendo ikaribie mita 0.9 kwa sekunde. Ndiyo maana wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mkondo mkali huchanganya maji, na wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, matabaka hutengana. Kipimo cha siku ya maji mafu hakiusemei mwezi mzima.

Msukosuko ukilala, maji ya mto huwa mfuniko. Jua likiacha wati 200 kwa kila mita ya mraba, usiku na mchana zikijumlishwa, tabaka la mita 2 litapanda nyuzi 2 kwa siku. La mita 20, nyuzi 0.2 tu. Tope huzidisha, kwa kuwa huumeza mwanga karibu na uso. Mto Amazon peke yake huleta karibu sehemu moja ya tano ya maji yote ya mito yaingiayo baharini, na kimbunga kinachopita juu ya mfuniko wake huvuta kwa shida maji ya ubaridi kutoka chini, kikabaki na chakula chake cha joto. Kaskazini mwa Ghuba ya Bengal, msimu wa baridi, hali hugeuka: uso hupoa huku joto likibaki chini ya mfuniko, na msukosuko ukitokea huupasha uso.

Makosa ya upimaji nayo ni mengi. Setilaiti huona ngozi ya maji tu. Bomba la meli linalofyonza maji mita 4 chini hupita kabisa chini ya tabaka la mita 2, na rafadha huvuruga hicho kinachopimwa. Pima ukiwa upande wa meli unaotazama mkondo, mashine ikiwa imezimwa, na anza sentimeta chache chini ya uso. Shusha kifaa taratibu: kipimajoto huchelewa kuliko kipima chumvi, na ukikimbiza utapata miruko ya chumvi mpakani ambayo haimo majini. Mtu akiiona miruko hiyo asiite msukosuko kabla hajashusha kifaa mara ya pili.

Wapimaji wa maji ya bahari